Kibodi ya Namba Yenye Kitufe cha Sifuri Tatu

Jioni ya kwanza nilipochomeka kifaa changu kwenye kompyuta ya mdogo wangu wa kike, nilibonyeza 1, kisha 2, kisha 3, na ndani ya jedwali lake la hesabu ikatokea alama ya &, ikafuatwa na herufi é, halafu alama ya kunukuu. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amekisubiri kifaa hicho kwa majuma matano na aliyekuwa ameacha kupima unga ili aje kushuhudia, aliniangalia kwa heshima yote anayostahili yaya, yaani ndugu mkubwa, akasema kwamba pengine hizo ni namba za nchi nyingine ambazo bado hazijafika mtaani Kamalondo.

Nieleze kwanza shida iliyonifanya nianze kazi hiyo. Mdogo wangu anauza unga wa mahindi kwa jumla hapa Lubumbashi, na kila usiku anaingiza mauzo na madeni ya siku katika kompyuta ndogo ya mkononi iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla yake. Kibodi yake ni ya Kifaransa, ile tunayoiita AZERTY, kama zilivyo kompyuta nyingi za hapa kwetu. Mtu ambaye hajaitumia hajui adha yake: katika mstari wa juu, kwa kawaida namba hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha Maj (Shift) kwa kidole kingine, maana bila Maj mstari huo unatoa alama na herufi zenye mkwaju. Kibodi kubwa za mezani huwa na sehemu ya namba upande wa kulia, lakini kompyuta yake ni nyembamba na haina sehemu hiyo. Ongeza juu ya hayo kwamba faranga ya Kongo ni pesa yenye sifuri nyingi. Mtu anayeandika 45 000, 90 000 na 135 000 usiku kucha huku kidole kimoja kimekwama kwenye Maj, ana haki ya kulalamika.

Kibodi ndogo za namba zinauzwa mjini, sitaki kudanganya kwamba hazipatikani. Lakini mimi natengeneza simu na redio, nilikuwa na vipuri vya kutosha sandukuni, na kwa muda mrefu nilikuwa natamani kujaribu mikrokontrola, yaani chipu ndogo inayotii programu unayoiandikia, kwa kazi itakayotumika kweli, badala ya taa ndogo inayowaka na kuzima. Tena hakuna kibodi yoyote niliyoiona dukani ambayo ilikuwa na kitufe kimoja cha kuandika sifuri tatu kwa mpigo, na kitufe hicho ndicho mdogo wangu alichokitaja kabla ya kingine chochote.

Nilianza kwa kosa. Nilikuwa na bodi ya Arduino Uno, nikadhani kwamba kwa kuwa ina tundu la USB basi inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Haiwezi, angalau si kwa njia ya kawaida. Chipu yake kuu, ATmega328P, haijui kuzungumza USB. Kuna chipu ya pili pembeni inayoitafsiria, na kompyuta inaiona hiyo ya pili tu, kama mlango wa kupitishia data. Kinachohitajika ni chipu yenye USB ndani yake yenyewe, kama ATmega32U4 iliyomo katika Arduino Leonardo na katika bodi ndogo iitwayo Pro Micro, au RP2040 ya Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 4. Mimi nilichukua Pro Micro, kwa sababu mfanyabiashara anayeniletea vioo vya simu alikuwa na uhakika wa kuipata. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 32 kwa programu na 2.5 tu kwa kazi za papo hapo, kiasi ambacho mtu aliyezoea simu za leo atakicheka, lakini kwa vitufe 16 kinatosha na kubaki. Tundu lake la USB limeshikiliwa na bati kidogo sana na hung'oka kwa urahisi, kwa hiyo kabla ya kufanya jambo lolote nililizungushia gundi ngumu, nikaiacha ikauke usiku mzima.

Vitufe vilinipotezea siku moja. Niliwaza kubomoa kibodi kuukuu ya mezani na kuchukua vitufe vyake, nikasahau kwamba ndani ya kibodi nyingi za bei nafuu hakuna vitufe vya kuchukuliwa: kuna karatasi mbili za plastiki zenye mistari iliyochapwa, na ukibonyeza, mpira unazigandamiza zikagusana. Ukishaifungua, umebaki na vifuniko vyenye herufi na rundo la plastiki. Basi nilinunua vitufe vya mraba vya milimita 12, vile vyenye miguu minne. Miguu hiyo imeunganishwa miwili miwili ndani kwa ndani, na fundi asiyejua hilo hukizungusha kitufe upande usiofaa, kisha akashangaa kwa nini kinaonekana kimebonyezwa wakati wote. Njia rahisi niliyojiwekea ni kutumia miguu miwili iliyo kwenye pembe zinazokabiliana kwa mshazari, kwa sababu hiyo haiwezi kuwa jozi moja hata ukikigeuza vipi.

Vitufe 16 havihitaji miguu 16 ya chipu. Unavipanga katika safu mlalo nne na safu wima nne, kila kitufe kikiunganisha safu mlalo moja na safu wima moja, na miguu 8 inatosha. Chipu inafanya kazi kama mkusanya kodi anayepita uchochoro baada ya uchochoro: inaishusha safu wima ya kwanza hadi volti 0, inauliza safu mlalo zote nne kama kuna iliyoshuka pamoja nayo, halafu inaiachia na kwenda kwa ya pili. Safu mlalo zinashikiliwa juu kwenye volti 5 na rezista zilizomo ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo kitufe kilichobonyezwa kinasomeka kama 0, na kilichoachwa kinasomeka kama 1, kinyume cha vile mtu angetarajia. Jambo moja la hatari: safu wima ambazo zamu yake haijafika zisipelekewe volti 5 kwa nguvu, bali ziachwe zikielea kama vile hazikuunganishwa. La sivyo, mtu akibonyeza vitufe viwili vya safu mlalo moja, mguu mmoja wa chipu utakuwa unasukuma na mwingine unavuta kwenye waya uleule, na miguu hiyo haikuumbwa kustahimili zaidi ya miliampea 40.

Kwa nyaya, nilichuna kipande cha kebo ya mtandao. Ndani yake mna nyaya 8 za shaba, nne za rangi kamili na nne zenye mchirizi mweupe. Nilizipa safu mlalo zile za rangi kamili na safu wima zile za mchirizi, na tangu siku hiyo sijawahi kuchanganya upande. (Shaba hiyo inawezekana ilitoka chini ya ardhi yetu hii ya Katanga, ikasafiri kama bamba, ikarudi kama kebo kwa bei nyingine kabisa. Huwa nalifikiria jambo hilo kila ninapochuna waya, na kila mara chuma cha kulehemia kinapoa kabla sijamaliza kufikiri.)

Mpangilio wa namba ulizua mjadala mrefu kuliko kazi yote ya umeme. Kibodi za kompyuta na mashine za kukokotoa huweka 7, 8 na 9 juu; simu huweka 1, 2 na 3 juu. Mimi nilitaka kufuata kompyuta, kwa kuwa ndiyo desturi. Mdogo wangu alinijibu kwamba yeye hutumia simu kutwa nzima kupokea na kutuma pesa, na vidole vyake vinajua njia hiyo hata gizani. Akauliza kama kifaa ni chake au ni cha desturi. Kwa hiyo 1, 2, 3 ziko juu na kitufe cha kufuta kiko kando yao. 4, 5, 6 zinafuata pamoja na alama ya kutoa. 7, 8, 9 pamoja na alama ya kujumlisha. Na chini kabisa kuna Verr Num (Num Lock, kitufe cha kuwasha na kuzima sehemu ya namba), 0, 000 na kitufe cha kuingiza. Nukta ya desimali haipo. Sentimu hakuna anayezidai sokoni, na nafasi ya nukta ndiyo iliyochukuliwa na sifuri tatu. Juu ya 5 nilidondosha tone la gundi likakauka likawa kinundu, ili kidole kijue katikati ni wapi.

Sasa nirudi kwenye zile alama za jioni ya kwanza. Nilikuwa nimeandika katika programu kwamba kitufe cha kwanza kitume herufi "1", na nilidhani kibodi hutuma herufi. Haitumi herufi hata siku moja. Kibodi ya USB hutuma namba ya mahali: mahali pa A katika kibodi ya Marekani ni 4, panapofuata katika alfabeti ni 5, na kuendelea hadi Z ambayo ni 29, namba za mstari wa juu zinaanzia 30. Kompyuta ndiyo inayoamua mahali hapo paandikwe nini, kwa kutazama lugha ya kibodi iliyochaguliwa kwenye mipangilio yake. Maktaba ya Arduino, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa, usipoiambia vingine, inachukulia kwamba kila kompyuta duniani imepangwa kwa Kimarekani. Ikaitafsiri "1" yangu kuwa mahali namba 30, na kompyuta ya mdogo wangu, iliyopangwa kwa Kifaransa, ikatazama mahali namba 30 ikaona &. Hakuna aliyekosea ila mimi.

Matoleo mapya ya maktaba hiyo yanakubali kuelezwa kwamba kompyuta ni ya Kifaransa. Sikuifuata njia hiyo, kwa sababu kifaa kingekwama siku ambayo mtu angekichomeka kwenye kompyuta ya Kiingereza. Sehemu ya namba ya kibodi kubwa ina mahali pake penyewe, kuanzia 89 kwa namba 1 hadi 97 kwa namba 9, na 98 kwa sifuri, na mahali hapo panatoa namba ileile kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine nilizojaribu. Maktaba ina mlango mdogo wa kupitishia namba hizo: ukiipa thamani ya 136 au zaidi, haitafsiri chochote, inatoa 136 na kutuma kinachobaki. Kwa hiyo 225 inatuma 89, yaani 1, na 234 inatuma 98, yaani sifuri. Nilibadilisha mistari kumi ya programu, nikachomeka tena, na 1 ikawa 1.

Siku mbili baadaye mdogo wangu alinipigia simu usiku. Mama mmoja wa Katuba aliyechukua gunia moja kwa mkopo alikuwa amegeuka mdaiwa wa faranga milioni 45.

Mguso wa chuma ndani ya kitufe haufungi mara moja. Unagonga, unaruka, unagonga tena, mara kadhaa ndani ya milisekunde chache, ndipo unatulia, kama kifuniko cha sufuria kilichoangushwa sakafuni. Kidole hakihisi lolote, lakini chipu inayozunguka vitufe vyote mara maelfu kwa sekunde inahesabu kila mruko kuwa kubonyezwa upya. Yeye aliandika 45, akabonyeza 000 mara moja, na kifaa kikaandika sifuri sita. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimekijaribu mezani kwangu kwa saa nzima bila kuona kasoro hiyo, na baadaye nikaelewa kwa nini: wakati wa kujaribu, programu ilikuwa inaniandikia taarifa kwenye dirisha la kompyuta kila kitufe kinapobonyezwa, na kuandika huko kulikuwa kunaichelewesha kiasi cha kuiruka mitetemo yote. Nilipoziondoa taarifa hizo ili kumpa kifaa kilicho safi, niliondoa pia kilichokuwa kinanificha kosa.

Dawa yake inajulikana: chipu isubiri. Swali ni isubiri vipi, na hapa nina msimamo wangu. Mifano mingi ya wanaoanza inatumia amri ya kusimama kimya kwa milisekunde kadhaa, na hiyo siipendi, kwa maana wakati chipu imesimama kwa ajili ya kitufe kimoja, vitufe vingine 15 havina mtu wa kuvisikiliza. Ni bora kila kitufe kiwe na saa yake. Programu inaandika wakati ambapo hali ya kitufe ilibadilika kwa mara ya mwisho, inaendelea na mzunguko wake, na inakubali badiliko pale tu hali hiyo inapokaa bila kuyumba kwa milisekunde 20. Hakuna binadamu anayeweza kubonyeza, kuachia na kubonyeza tena kitufe kilekile ndani ya muda huo, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Nilikaa nikabonyeza 000 mara mia moja huku mdogo wangu akihesabu kwa sauti, na sifuri zilikuwa mia tatu kamili.

Katika kuandika toleo hilo nilifanya upuuzi ambao nausimulia ili mwingine asiurudie. Nilikosea sharti moja, na kifaa kikaanza kutuma sifuri bila kikomo mara tu kilipowashwa. Kompyuta haijui kwamba kibodi ina wazimu. Sifuri zikamiminika ndani ya dirisha nililokuwa naandikia programu, zikaifunika programu yenyewe, na kila nilipojaribu kupakia toleo lililosahihishwa, kifaa kiliandika juu ya sahihisho. Kilichoniokoa ni kwamba Pro Micro, ukiugusisha mguu wake wa RST (wa kuanza upya) na masi (GND, upande wa volti 0) mara mbili haraka haraka, inasimamisha programu na kusubiri programu mpya kwa sekunde 8. Sekunde 8 ni chache kwa mtu anayetetemeka mikono. Tangu siku hiyo, kila kibodi ninayotengeneza ina mlango wa dharura: ukiichomeka huku umeshikilia Verr Num, haitumi chochote.

Kisha akaja mpwa wangu. Ana miaka 15, anacheza mpira wa kompyuta kwenye kompyuta hiyohiyo ya mama yake, na maneti yake, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, ilikuwa imekufa zamani. Aliona kwamba mjomba wake ametengeneza vitufe 16 ambavyo mama havihitaji baada ya saa tatu usiku, akaniomba nivipe kazi ya pili. Nilikubali haraka mno. Nilipanga kwamba ukichomeka kifaa huku umeshikilia alama ya kutoa, kinakuwa maneti: 2 ni juu, 4 ni kushoto, 5 ni chini, 6 ni kulia, 1 ni kukimbia, na vitufe vya kulia ni pasi na mashuti. Mchezo wake unasikiliza Z, Q, S na D, nami nikaandika katika programu z, q, s na d, na kwa mara ya pili nikaaibika kwa kosa lilelile, maana kompyuta ilipokea W, A, S na D. Ilibidi niandike w, a, s na d, herufi za Mmarekani, ili Mfaransa apate Z, Q, S na D zake. Mpwa wangu alilielewa jambo hilo haraka kuliko mimi.

Lakini mchezaji wake alikuwa anasimama ghafla. Kila akikimbia kwa mshazari kuelekea juu kushoto, mpira ulimpotea mguuni kana kwamba amebadili nia. Kijana alidai kifaa kinapendelea timu pinzani. Kwa kweli alikuwa anabonyeza 1, 2 na 4 kwa pamoja, na vitufe hivyo ni pembe tatu za mstatili ambao pembe yake ya nne ni 5. Chipu inaposhusha safu wima ya pili, umeme unapita kwenye 2 hadi safu mlalo ya kwanza, unateremka kupitia 1 hadi safu wima ya kwanza, unavuka kupitia 4 hadi safu mlalo ya pili, na chipu inaapa kwamba 5 imebonyezwa, na hakuna kidole juu yake. Mzimu huo haukuonekana kwa mdogo wangu kwa sababu anayeandika namba hubonyeza kitufe kimoja kimoja. Mchezo ndio uliofichua uvivu wangu.

Kila kitufe kinahitaji diodi yake, ili umeme upite upande mmoja tu na usiweze kurudi nyuma kupitia kitufe cha jirani. Niliziruka mwanzoni ili kuokoa muda, na nikalipa kwa kulehemu upya bodi nzima. Diodi zinazofaa ni zile ndogo za kioo, 1N4148, na bodi za redio na televisheni mbovu zimejaa hizo. Tahadhari ni kwamba diodi za zena, zile zinazoruhusu umeme urudi nyuma ukifikia volti fulani, zinafanana nazo kama mapacha, na multimita haikusaidii kuzitofautisha, kwa kuwa zote zinaonyesha kiasi cha volti 0.6 zinapopimwa upande wa kupitisha. Zena ya volti 3.3 ukiiweka hapa inaweza kupitisha umeme kinyumenyume, na hapo kinga yako si ya kutegemewa. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikasoma maandishi ya kila moja chini ya taa, na kati ya 23 nilizong'oa nilizikubali 17. Mkanda mweusi wa kila diodi unaelekea kwenye safu wima. Mpwa wangu alinishikia taa, na alipogundua moja niliyoigeuza sikuwa na la kusema.

Kuna kero moja iliyobaki. Verr Num ikiwa imezimwa kwenye kompyuta, 8 inageuka mshale wa juu, na mdogo wangu hujikuta anatembea ndani ya jedwali badala ya kuandika. Ndiyo maana kitufe hicho kipo kwenye kibodi, na ndiyo maana nimekipaka rangi nyekundu ya kucha, iliyotolewa na mwenye kibodi.

Kifaa kimekaa ndani ya kisanduku cha mbao alichokikata seremala jirani, kikiwa na matundu 16 ambayo hayakunyooka sana. Unga huingia kote. Kitufe cha 000 kimeshakwama mara mbili, kwa kuwa ndicho kinachobonyezwa kuliko vyote, na mara ya pili sikukilehemu tena moja kwa moja: niliweka soketi, ili kiweze kung'olewa na kubadilishwa kwa mkono kama balbu. Vitufe vitatu vya akiba nimevifunga ndani ya nailoni, na nailoni hiyo imebandikwa chini ya kisanduku.